Mvua ya Siku Sitini na Tatu

Bonn, Ujerumani
9 Februari 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeanza kukusikiliza. Sisi hatujambo, ila baridi inatuonea. Angela anakusalimu sana. Amehamishiwa zamu ya asubuhi hospitalini kwao, kwa hiyo siku hizi tunakula chakula cha jioni pamoja kama wanandoa wa kawaida.

Picha za daftari lako la vipimo vya mvua nimezipata zote, zile alizopiga katibu wa parokia kwa simu yake. Mfikishie shukrani. Miaka thelathini na moja, Mama! Nimezipitia ukurasa kwa ukurasa kwa wiki mbili, na humo nimekutana na utoto wangu. "14.2, Deo ana homa." "0.0, ng'ombe wa Shimba wameingia tena migombani." "6.8, Deo kashinda darasani, kaomba soda." Mkuu wangu wa kazi aliuliza maneno ya pembeni yanasemaje, nikamwambia ni mambo ya hali ya hewa.

Sasa nikueleze kwa nini ninalihitaji. Ofisi yetu huwaandalia hoja wajumbe wa nchi maskini wanaokuja hapa kuzungumzia tabianchi. Upo mfuko wa dunia ulioundwa kwa ajili ya watu walioharibiwa makazi na mafuriko, ukame na vimbunga. Ugomvi wa sasa ni nani aingie humo na kwa ushahidi gani. Sisi tumechagua kutoa mfano wa ufukwe wenu, zile kaya ishirini na tatu zilizohamishwa na ziwa mwaka 2020, ikiwemo ya jirani yako Bernadeta. Wapo wanaobisha kwamba ziwa lilijaa kwa sababu ya milango ya mabwawa huko linakogeuka kuwa mto Nile. Daftari lako linaonyesha mvua ilitangulia, nyingi kupita kawaida, Oktoba mpaka Desemba 2019, ndipo maji yakapanda. Kituo kingine cha kupimia kiko mbali na ninyi, na setilaiti zikitazama mvua ya ufukweni hukosea mara nyingi. Kwa hiyo hapo kwenu ushahidi ni wewe.

Nina swali moja dogo. Kuanzia tarehe 11 Oktoba hadi 12 Desemba 2019, siku sitini na tatu, kurasa zote zimeandikwa kwa kalamu moja ya kijani, kwa mwandiko uliotulia, bila doa la chai wala neno la pembeni. Ilikuwaje? Jumapili nilikuuliza kwenye simu ukasema mtandao mbovu. Naomba unijibu kwa maandishi na utie sahihi, maana wataalamu watauliza na maneno ya simu hawayapokei.

Mwanao,
Deodatus


Sengerema
4 Machi 2025

Mwanangu Deodatus,

Marahaba. Milele amina. Barua yako nimeipata jana. Yule kijana wa posta amenikabidhi kwa heshima zote kwa sababu ya stempu ya Ulaya, na zile za bili ya maji huwa ananirushia tu. Goti halinisikilizi, lakini linanifikisha kanisani, na mimi sina safari nyingine. Mnyauko umeingia migombani, umekula karibu nusu. Ukija utakuta shamba limekuwa kama kichwa cha mzee. Bernadeta anakusalimu. Anasema picha uliyotuma imeonyesha shingo tupu, na Angela akupikie.

Daraja la Kigongo na Busisi linakaribia kufunguliwa, wanasema. Wauza samaki wa kivukoni wananung'unika kwamba magari yatapita bila kusimama. Mimi nitafurahi. Kile kivuko sina hamu nacho.

Kuhusu mvua. Nimefundisha miaka thelathini na nne, na wewe mwenyewe nimekufundisha kushika penseli, tena ulikuwa unaishika kwa ngumi. Kalamu ilikuwa ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mwandiko umetulia kwa sababu mimi ni mwalimu. Chai sikumwaga kwa sababu sikuwa nimekunywa chai. Namba ni za kweli. Waambie hao wataalamu Mwalimu Leonsia amesema hivyo, na sahihi yangu hii hapa.

Kula vizuri.

Mama yako mdogo,
Leonsia


Bonn
1 Aprili 2025

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa migomba. Angela amecheka aliposoma habari ya shingo, halafu akapika ugali siku tatu mfululizo, kwa hiyo mfikishie Bernadeta ripoti.

Naogopa kwamba nimekuudhi, na bado inanibidi kuuliza. Nikusimulie kwanza mambo ya huku, labda utanielewa. Katika mikutano hii hawapigi kura. Neno likikataliwa na mjumbe mmoja tu, linafungwa kwenye mabano, na linakaa humo mpaka wote wakubaliane au mpaka lifutwe. Nimeona watu wazima, wasomi, wakishinda mchana kutwa juu ya kama nchi tajiri "zinapaswa" au "zinahimizwa". Ukitoka kununua kahawa na kurudi, unakuta wamesogea koma moja. Unaweza kucheka, lakini ndani ya mabano hayo ndimo alimo Bernadeta na nyumba yake.

Safari hii kuna rasimu ya mwongozo inayosema ushahidi wa mvua uwe "umepimwa na mpimaji aliyeidhinishwa, kwa mfululizo". Wewe umeidhinishwa, cheti chako ninacho. Lakini mama mmoja wa ujumbe wa nchi tajiri alizisoma kurasa zako akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu mpimaji hakuumwa hata siku moja?" Na mimi nilikuwa nimeshaona jambo ambalo yeye hakuliona.

Baba Mdogo Rwehumbiza alifariki ghafla tarehe 5 Desemba 2019. Mlimpeleka Kagera kumzika, na mimi mkanipigia tarehe 10 mambo yote yamekwisha. Wiki ile hukuwa Sengerema, Mama. Lakini daftari lina namba za tarehe 5, 6, 7, mpaka 12. Nani alipima?

Kama uliotea namba kwa sababu ya msiba, niambie tu. Hakuna atakayekulaumu, mimi ndiyo kabisa. Ila siwezi kuweka namba za kubuni mbele ya dunia, halafu siku moja zigundulike, na kaya zote ishirini na tatu zionekane waongo. Uamuzi unafanyika tarehe 16 Juni mkutano ukianza. Naomba jibu kabla ya hapo.

Mwanao anayekupenda,
Deodatus


Sengerema
2 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua za masika zimenyesha vizuri, jana peke yake milimita 38.4, na nimeipima mwenyewe saa tatu kamili asubuhi huku nimeshikilia ukuta. Bernadeta bado anaishi katika kile chumba changu cha uani, huu mwaka wa tano sasa. Mabati ya nyumba yake ya zamani, maji yakipungua, huwa yanatokeza kidogo, na ndege wanatua juu yake. Huwa anakwenda kuyatazama siku za Jumapili baada ya misa. Simwulizi anatazama nini.

Umetumia neno "kuotea". Nimelisoma, nikaikunja barua, nikaiweka kabatini siku nne.

Nikujibu hivi. Mvua ilipimwa. Kila tone lililoandikwa lilianguka katika ua wangu. Nikisema zaidi ya hapo itanibidi kusema na mengine, na hayo mengine niliahidi kutoyasema, na niliyemwahidi hayupo wa kunifungua. Usiniulize tena habari za mwaka ule. Muulize mama yako kitu kingine chochote.

Leonsia


Sengerema
8 Juni 2025

Mwanangu Deo,

Leo sina habari za ndizi. Nimekaa mezani tangu misa ya kwanza na karatasi hii mbele yangu. Bernadeta amenitishia kwamba nisipoandika atakwenda yeye kwa katibu wa parokia akasimulie yote, na huyo katibu ukimwambia jambo umeliambia kanisa zima.

Baba yako mdogo hakufa ghafla. Tulikudanganya.

Alianza kuumwa Septemba. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Tarehe 10 Oktoba tukavuka kwa kivuko, tukalazwa hospitali kubwa ya Mwanza. Nasema tukalazwa kwa sababu na mimi nililala pale, kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake, siku hamsini na sita. Ilikuwa saratani ya ini. Madaktari walituambia mapema kwamba wanachoweza ni kumpunguzia maumivu tu.

Wewe ulikuwa na mitihani yako ya mwisho. Akasema, "Deo asiambiwe. Akiambiwa atapanda ndege, na akipanda ndege hatarudi kumaliza. Namjua yule." Akanishikisha rozari nikaapa. Kila Jumapili ulipopiga simu alikuwa akiniomba nimkalishe, anywe maji kwanza, asafishe koo, ndipo akuambie yuko shambani. Siku moja ulimuuliza mbona anahema. Akakujibu amepanda kilima kumfuata ndama. Dripu ilikuwa mkononi. Ulipokata simu alicheka, akasema, "Kaamini," kisha akageukia ukutani, na mimi nikatoka nje.

Alipofariki nilitaka kukuambia kila kitu siku ileile. Lakini mtihani mmoja ulikuwa umebaki, wa tarehe 9. Ndiyo maana ulipigiwa tarehe 10. Na baada ya hapo, mwanangu, uongo ukishaupa kiti sebuleni hujui utauambiaje uondoke. Miaka ikapita.

Sasa mvua yako. Siku ya kuondoka nilimwachia Bernadeta funguo. Nikamwambia maji ya kipimo awe anayamwaga tu, kisije kikaoza majani ndani. Daftari nilishajua litakuwa na pengo. Unajua Bernadeta hakwenda shule, ile glasi yenye mistari hawezi kuisoma. Lakini hakuyamwaga. Kila asubuhi, kengele ya saa tatu ikigongwa shuleni, au kanisani siku za mapumziko, alikuwa anayamimina katika chupa ya maji ya dukani, anafunga kifuniko, anaiweka sebuleni kwangu. Ya kwanza mlangoni, ya pili ikafuata, hivyohivyo kuzunguka ukuta. Siku isiyo na mvua aliweka chupa tupu, mdomo chini. Siku ya mvua kubwa, maana milimita arobaini hivi hujaza chupa ya nusu lita, alijaza mbili na kuzifunga pamoja kwa kamba ya katani.

Niliporudi kutoka kuzika, nikafungua mlango, nikazikuta. Nilidhani amefungua duka. Akasema, "Mwalimu, mvua yako hiyo. Sikujua kuiandika."

Nikakaa chini nikalia, mara ya kwanza tangu nimzike. Kesho yake tukapima, yeye ananipa chupa, mimi nasoma na kuandika, mpaka jioni. Kalamu ya kijani niliinunua getini pa hospitali, ya kuandikia saa za dawa za baba yako. Maneno ya pembeni hayapo kwa sababu siku hizo nilikuwa na neno moja tu, na hilo lilikuwa halitakiwi kuandikwa.

Ningekuambia habari ya chupa, ungeniuliza nilikuwa wapi. Ndiyo hiyo, basi. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningelia na wewe ungelia na mtandao ungekatika. Barua hii nimempa Padre anayekwenda Roma. Ameniahidi kuitia posta akifika, kwa hiyo itakuwahi.

Unisamehe ukiweza. Usipoweza leo, jaribu kesho.

Mama yako,
Leonsia


Bonn
22 Juni 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za daraja nimeziona kwenye simu, limefunguliwa. Hongereni.

Nimengoja barua yako mpaka asubuhi ya tarehe 16. Haikufika. Simu nilipiga mara tatu wiki ile, akapokea Bernadeta, mara uko kanisani, mara umelala. Sikutaka kumuuliza yeye mambo haya.

Kwa hiyo nimeamua peke yangu, na ni haki usikie kutoka kwangu. Mkutano ulipofika kwenye mfano wetu nilisimama nikasema kwamba kurasa za siku sitini na tatu zina shaka, na kwamba tunaziondoa wenyewe kabla hatujaulizwa. Yule mama wa nchi tajiri akanishukuru kwa uaminifu mbele ya watu wote. Nilikaa chini masikio yanawaka. Bila kurasa hizo mfano wa ufukwe hausimami, kwa sababu mvua yenyewe imo humo. Wameweka mfano wa kisiwa kimoja cha mbali, na kaya zenu zimesubirishwa.

Sikutaka uitwe mwongo mbele ya watu, Mama. Niliona ni afadhali mimi niziondoe mwenyewe kuliko wao wazichane. Nimefanya kwa kukupenda, ingawa najua haitasomeka hivyo.

Deodatus


Bonn
17 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako ya tarehe 8 Juni imefika jana. Padre wako ni mtu mwema lakini muhuri wa posta ya Roma unasema tarehe 7 Julai. Nadhani ilimtembelea Papa kwanza. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi na koti mwilini, nikaisoma tena ndani, halafu Angela akanipokonya akanisomea kwa sauti, na sisi wote wawili hatukufika mwisho.

Nimekasirika, Mama. Acha niseme hivyo mara moja. Miaka mitano nimejiuliza kwa nini nilizikiwa baba yangu kama mtu wa mbali. Ningekuja. Alisema kweli, ningekuja, na labda nisingerudi, na hilo lilikuwa la kuamua mimi. Yule ndama nilimuuliza habari zake Jumapili iliyofuata! Akanieleza rangi yake. Sijui nicheke au nifanye nini na huyo ndama.

Halafu hasira yangu inafika kwako kwenye mkeka siku hamsini na sita, na inakosa pa kukaa. Pole, Mama. Pole ambayo ningekupa mwaka ule, nakupa leo.

Na mimi nimekukosea zaidi. Wewe ulinificha kifo ili nisome, na mimi nikatumia huko kusoma kukutangaza kwamba una shaka. Niliposimama tarehe 16 barua ya ukweli ilikuwa mfukoni mwa Padre. Nimeshaandika kwa mkuu wangu kwamba nilikosea na kwamba kosa ni langu peke yangu.

Kurasa zinaweza kurudi, lakini si kwa machozi. Nimejaza chupa sita maji niliyoyapima kwa mizani, nimezifunga na kuziweka ukutani sebuleni. Nitazipima baada ya siku sitini nione zimepungua kiasi gani. Angela anazipangusa vumbi kila Jumamosi. Pia nahitaji maelezo ya Bernadeta mwenyewe, kwa maneno yake, uyaandike kama anavyosema usimsahihishe, na aweke dole gumba. Lakini ujue kikwazo kiko pale pale. Rasimu inasema mpimaji "aliyeidhinishwa". Tumeomba yaongezwe maneno "au mtu wa jamii hiyo anayeaminika". Yameingia kwenye mabano siku hiyohiyo.

Mwanao,
Deo


Sengerema
25 Agosti 2025

Mwanangu Deo,

Marahaba, na nyingine marahaba. Barua zako mbili zimenifikia kwa kufuatana, ile ya Juni na hii ya Julai. Ya Juni ilinichoma. Siku mbili sikumsemesha mtu, na Bernadeta akasema ningelikuwa kuku angenichinja, kwa jinsi nilivyojikunyata. Kisha nikakumbuka ni nani aliyeanza kunyamaza katika nyumba hii. Tumelingana, mwanangu. Yamekwisha.

Kilio chako ulie chote. Novemba tutaomba misa ya kumbukumbu yake, na safari hii utajua unamlilia mtu aliyeugua.

Maelezo ya Bernadeta haya hapa. Sijagusa hata neno.

"Mimi Bernadeta, mjane wa Ngosha, mtu wa hapahapa ufukweni. Mwalimu aliniambia maji nimwage. Mimi nikasema moyoni, huyu mama maji haya kayapigania miaka yote, watoto kawachapa kwa ajili yake, mimba za watu zimezaliwa yeye yuko na kile kichupa chake, leo mimi nimwage? Hapana. Chupa nikaomba kwa mwenye duka, nikaosha. Kengele ikilia, namimina. Sikuongeza, sikupunguza. Siku moja paka aliangusha moja, lakini ilikuwa imefungwa, haikumwagika. Chupa hazikuchanganyika, mimi hesabu ya kupanga naijua, nimepanga dagaa maisha yangu yote. Mwezi wa nne ziwa likaingia kwangu likachukua nyumba. Watu wa ofisi wakaja wakauliza, mna ushahidi gani kwamba mvua ilikuwa kubwa? Nikawaambia niliibeba. Wakacheka. Basi hayo. Ila kuna siku moja sikupima, ile siku mwili wa Mzee Rwehumbiza ulipotoka Mwanza. Gari lilipita hapa nyumbani kwanza, likasimama nje barabarani, tukatoka wote. Kengele nilisikia. Sikwenda. Kesho yake nikamimina yote pamoja, chupa moja na nusu."

Hiyo ni tarehe 6 Desemba. Na hapo, Deo, ndipo wewe ulikuwa na haki ya shaka. Chupa ya tarehe 6 haikuwepo. Ya tarehe 7 ilikuwa na milimita 58, za siku mbili. Nikazigawa, 29 hapa na 29 pale, nikaandika kana kwamba siku zote mbili zilipimwa. Niliona aibu kuacha wazi. Nilijiambia mwalimu haachi pengo. Namba hiyo moja ni ya kwangu mwenyewe, si ya mvua. Ufanye nayo upendavyo.

Dole gumba lake hilo hapo chini. Alisugua mkono kwa sabuni kwanza, akasema linakwenda Ulaya.

Mama yako,
Leonsia


Bonn
23 Novemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Bernadeta peke yake, tena kubwa. Misa ya kumbukumbu tuliisikiliza kwa simu ya katibu, ingawa tulisikia zaidi kikohozi cha katibu. Nilipolia Angela alinishika mkono, na jirani wa juu akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa miaka sita.

Tiketi tumekata. Tutatua Mwanza tarehe 20 Desemba. Nataka kuvuka, kuona sebule, kisha twende wote Kagera kaburini. Bernadeta naye, akikubali.

Mkutano mkubwa wa Brazili umekwisha jana. Chupa zangu sita zilikaa siku sitini, na zilipungua kiasi ambacho mizani yangu imekiona kwa shida. Nikaandika kurasa nne za kueleza namna mvua ilivyopimwa, nikaambatisha maelezo ya Bernadeta na dole gumba lake, na Oktoba wakapitia wataalamu watatu. Mmoja alikuwa yule mama aliyeuliza kama hukuumwa. Aliniandikia kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kukuta mpimaji aliyefunga chupa mbili kwa kamba ili siku isigawanyike, na kwamba anakubali. Siku sitini na moja zimerudi mahali pake zikiwa safi. Mfano wa ufukwe umerudi kwenye jalada, na kaya ishirini na tatu zimo kwa majina. Jina la mpimaji wa siku zile ni Bernadeta, limechapwa.

Sitakudanganya kuhusu fedha. Hazijatoka, na mwaka huu hazitatoka. Maneno yetu "au mtu wa jamii hiyo anayeaminika" yametoka Brazili yakiwa bado ndani ya mabano, kwa sababu nchi mbili zimesema zinahitaji muda. Nilisikitika mpaka nikakosa usingizi. Lakini hayakufutwa, na mwakani wakifungua rasimu itabidi tena wayasome.

Imebaki ile tarehe 6. Nimezifuta 29 zako zote mbili, usinichape. Tarehe 7 nimeandika 58, jumla ya siku mbili, na tarehe 6 nimeiacha wazi. Sasa, jedwali lina safu ya mwisho inayotaka sababu ya kila siku iliyokosa kipimo. Watu huandika "kifaa kimeharibika" au "mpimaji mgonjwa". Nimekaa mbele ya kile kisanduku kidogo asubuhi nzima. Mwishowe nikaandika: "Baba Rwehumbiza alipita nyumbani mara ya mwisho. Wote walitoka nje kumpokea."

Mhariri wa jalada ameniuliza kama hiyo ni lugha ya kisayansi. Nimemwambia ndicho kilichotokea siku ile, na ameiacha.

Mwanao,
Deodatus